Mlipe Mtu wa Usafi Akusaidie Kupanga Mzigo, Hiyo Ni Gharama ya Biashara

Hii ni kwenu wauzaji wenzangu, hasa nyie ambao duka lenu ni chumba cha kulala na stoo yenu ni uvungu wa kitanda.

Leo sijaja na mbinu za kupiga picha wala za kuongeza wafuasi. Nataka tuongee kuhusu nyumba. Najua kuna watakaosema hii mada ni ya mambo ya ndani, haihusiani na biashara. Mimi nabisha. Kwa sisi tunaouzia nyumbani, nyumba ikivurugika na biashara imevurugika. Msimamo wangu ni huu: tenga hela, mwite mtu anayefanya kazi ya usafi, mkae naye siku nzima mpunguze vitu na mpange mzigo. Na umlipe kama unavyomlipa fundi, sio kama unampa msaada.

Twende taratibu.

Mrundikano unakula hela yako kimyakimya

Mteja anakuuliza, "Vile vya mkanda mweusi, namba 39 vipo?" Unamjibu, "Subiri kidogo nikuangalizie." Unaingia chumbani, unavuta viroba vitatu, unapanda juu ya stuli, unatoka jasho. Ukirudi kwenye simu, mteja keshalipia kwa mwingine. Au unamwambia vimeisha, halafu wiki mbili baadaye unavikuta nyuma ya kabati. Au mbaya zaidi, unaenda Kariakoo unanunua tena rangi ileile ambayo nyumbani unazo nne na hazitoki.

Chukua mfano mdogo tu. Tuseme una pea sita za viatu ulizozisahau, kila moja uliichukua kwa elfu 15. Hiyo ni elfu 90 imelala uvunguni. Wewe unalia mtaji umekata, unaenda kukopa kwenye kikoba, kumbe mtaji upo umelala na wewe kitanda kimoja, yeye chini wewe juu.

Bado hujahesabu vilivyoharibika. Gauni limewekwa karibu na jiko, limeshika harufu ya samaki. Boksi limekaa sakafuni mpaka masika ya Machi yakaingia, ukuta ukatoa unyevu, mikoba ikaota ukungu. Losheni imesukumwa nyuma mpaka muda wake umepita. Hivyo vyote ulivinunua kwa hela, na hakuna mteja hata mmoja aliyekudhulumu. Ni nyumba tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongezea: hata ukiwa na daftari, kama mzigo wenyewe huuoni, daftari litakudanganya.

Kwa nini usifanye mwenyewe?

Unaweza. Ila wengi wetu tunaanza saa tatu asubuhi, ikifika saa tano tumekaa juu ya mzigo tunajibu meseji. Simu ndiyo kazi yetu, haikuachi. Mtu mwingine akiwepo na umeshamlipa kwa siku, huwezi kuahirisha.

Sababu ya pili, sisi tunavionea huruma vitu vyetu. Kila kitu kina maelezo. Hili boksi la TV litatufaa tukihama. Feni hii itatengenezwa. Nguo hizi zitatoka tu Idi ikifika. Mtu wa usafi hana hiyo historia na vitu vyako. Anashika kitu anakuuliza, "Hii ni ya nini?" Ukijikuta unajieleza dakika mbili, ujue jibu unalo tayari.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu: hawa watu wana ujuzi. Mama ambaye kwa wiki anaingia nyumba tano ameona mengi kuliko wewe mwenye chumba kimoja. Anajua mende wanapenda kujificha kwenye maboksi ya karatasi. Anajua kuanza juu kwenda chini, kwa sababu vumbi la juu likishuka utafagia mara mbili. Anajua kona ipi ina unyevu kwa kuugusa ukuta tu. Huo ni utaalamu, hata kama hana cheti. Na sisi wengi tuliojifunza biashara kwenye simu hatuna cheti pia, kwa hiyo tusimdharau mtu kwa hilo.

Tatizo tunamwita amechelewa

Kuna utaratibu ulitoka kwenye viwanda vya Japani unaitwa 5S. Hapa Tanzania umeingia mpaka kwenye hospitali za serikali, na kwa Kiswahili wanausema hivi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Angalia vizuri hapo. Kusafisha ni namba tatu. Kwanza unachambua kinachohitajika na kisichohitajika, kisha kila kitu unakipa mahali pake, ndipo unasafisha.

Sisi tunafanyaje? Tunamwita mama wa usafi, tunamwambia adeki. Anadeki kuzunguka viroba, anafuta vumbi juu ya maboksi, anaondoka. Jioni nyumba inanukia vizuri na mzigo bado huuoni. Tumemlipia namba tatu, moja na mbili tumeziruka. Ndiyo maana wengi wanasema kumwita mtu ni kupoteza hela. Kosa sio lake, hatukumwambia kazi yenyewe.

Gawaneni kazi hivi

Uamuzi ni wako. Yeye hajui kipi kinatoka na kipi kimegoma, kwa hiyo mwambie mapema: asitupe kitu chochote bila wewe kusema, hata karatasi. Risiti ya mzigo na boksi tupu la saa vinaweza kuonekana takataka kumbe ni muhimu.

Yeye atoe vitu nje, aviweke kwa aina, afute, akunje, apange. Wewe ukae pale na kaunta buku na peni, simu weka mbali kidogo. Status iandike tangu jana yake kwamba kesho oda zitajibiwa jioni. Wateja wataelewa.

Tandikeni mkeka au shuka safi, halafu mfanye sehemu moja moja. Msitoe nyumba nzima kwa mara moja, mtashindwa kulala usiku. Anzeni na uvungu, mkimaliza nendeni juu ya kabati, kisha sebuleni. Kila kitu kiende kwenye fungu lake:

1. Kinauzwa kwa bei yake. Kimekamilika, kisafi, kina soko.
2. Kinashushwa bei. Kimekaa muda mrefu au kimebaki saizi moja. Kipige picha siku hiyohiyo mwanga ukiwepo, jioni unakitangaza.
3. Kinatoka nyumbani. Kimeharibika, kimepita muda, hakirekebishiki.
4. Cha familia. Hiki kisichanganyike na mzigo kabisa. Mara ngapi mtoto kavaa soksi za mteja?

Wa vipodozi, kuweni makini hapa. Angalia tarehe ya mwisho, na ile alama ya kopo lililofunguliwa lenye namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu kifunguliwe, inahusu zile ulizofungua za kujaribishia wateja. Kinachoisha muda mapema kikae mbele kitangulie kutoka. Kilichopita muda usikishushe bei, kitupe. Ngozi ya mtu sio ya kurudishia mtaji.

Kuhusu dawa za usafi: ile ya klorini ya kutoa madoa isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi wala siki. Inatoa hewa ya sumu, na kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja mnaweza kuumia wote wawili. Pia tone moja likidondokea gauni jeusi, gauni limekwisha. Kwa hiyo mzigo utoke kwanza, sakafu isafishwe, ikauke, mikono ioshwe, ndipo mzigo urudi.

Wakati wa kurudisha, mzigo usigusane na sakafu wala ukuta. Mbao mbili juu ya matofali zinatosha, huhitaji shelfu ya laki mbili. Ndoo zenye mfuniko ni bora kuliko maboksi. Andika nje kwa maka peni: aina, saizi, idadi. Vinavyotoka sana viwe usawa wa mkono, vya msimu viende juu.

Tuongee malipo

Kubalianeni bei kabla hajashika fagio. Mwambie ukweli kwamba sio kufagia tu, ni kutoa vitu, kupanga na kubeba, aitaje bei yake akijua. Nauli na chakula cha mchana visiwe mshangao wa jioni. Akimaliza, mlipe palepale.

Na tafadhali, usimlipe kwa mzigo uliogoma. Nimeona watu wanasema, "Chukua hili gauni, dukani ni elfu 30." Kama lingekuwa la elfu 30 lingeshauzwa. Yeye ana kodi na watoto wanaosubiri unga. Ukitaka kumpa zawadi, mpe baada ya kumpa hela yake yote.

Sasa nije kwa wenye dada wa kazi anayeishi hapohapo nyumbani, maana hapa ndipo penye ukakasi. Wengi tunasema, "Mtu wa nini wakati dada yupo?" Dada huyo kaamka saa kumi na moja, kapika, kafua, kamlea mtoto. Saa nne usiku anafunga oda zako na kuandika namba za wateja kwenye mifuko. Mshahara uleule. Hiyo sio kazi ya nyumbani tena, huyo ni mfanyakazi wa duka lako usiyemlipa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zikizidi analipwa mara moja na nusu, na kila wiki ana haki ya kupumzika saa 24 mfululizo. Najua wengi hatujawahi kuisoma tukiwaza dada wa nyumbani. Lakini tukiona mwajiri wa mtu mwingine anamfanyisha kazi usiku bila hela tunaandika maneno marefu mtandaoni. Tuanze kwetu. Ama mwongezee hela ya kazi ya mzigo na mkubaliane muda, ama mwache apumzike umwite mtu wa siku.

"Ataniibia"

Hili ndilo nasikia zaidi. Jibu langu ni hesabu. Kabla ya kupanga, hesabuni pamoja na uandike yeye akiona. Mkimaliza, hesabuni tena. Hela, simu na dhahabu vifungie, hiyo ni kawaida kwa mgeni yeyote.

Lakini jiulize kitu kimoja. Kama hujui una pea ngapi leo, utajuaje kesho kwamba moja imeibiwa? Ni akina dada wangapi wamefukuzwa kwa kitu ambacho baadaye kilikutwa nyuma ya kochi? Jina likishachafuka mtaani, kazi nyingine hapati, na hakuna anayerudi kumwomba radhi. Ile hesabu inakulinda wewe na mali yako, na inamlinda yeye na jina lake. Mwenye nyumba iliyovurugika hana haki ya kumwita mtu mwizi.

"Hela yenyewe haipo"

Sawa, biashara zina msimu. Basi anza na nusu siku, sehemu moja tu, uvunguni. Au anza mwenyewe na fungu namba mbili, uza vitano, hiyo ndiyo hela ya kumwita mtu. Ila usiniambie huna hela ya mtu wa usafi wakati unayo ya kuongeza mzigo mpya juu ya mzigo usiouona. Hapo hujakosa hela.

Ili isirudi kuwa vilevile

Ile S ya mwisho, shikilia, ndiyo ngumu. Mimi nafuata mambo matatu. Mzigo mpya hauingii mpaka nafasi yake iwepo. Kila kinachotoka kinafutwa kwenye daftari kabla bodaboda hajaondoka getini. Na kila baada ya mzigo mkubwa namwita mama yuleyule, kwa sababu ameshaijua stoo, kazi anaimaliza mapema na mimi sina haja ya kueleza upya.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujakata tiketi au kutuma hela ya mzigo mwingine wiki hii, inama uangalie uvunguni kwako kuna nini. Kisha tafuta mtu wa usafi unayemwamini, mpe kazi yote na sio dekio peke yake, mlipe vizuri. Hiyo hela iandike kwenye daftari upande wa gharama za biashara, pamoja na bando na mifuko. Hapo ndipo mahali pake.