Adabu Isiyotaka Jibu

Tarehe 23 Aprili 1924 Mfalme George wa Tano alifungua Maonyesho ya Himaya ya Uingereza pale Wembley. Afrika Mashariki ilikuwa na jengo lake, Zanzibar ikiwemo. Watu wa Afrika Magharibi waliwekwa katika kijiji cha kuigiza ili watazamwe. Magazeti ya London yaliandika mwaka ule juu ya Waafrika kwa kebehi iliyopindukia. Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, alijibu kwa barua iliyochapishwa, na umoja wa wanafunzi wenye asili ya Afrika ukapeleka malalamiko Wizara ya Makoloni. Walioyatoa malalamiko hayo hawakuwa na uwezo wa kumfukuza mtu yeyote popote. Walidai heshima kwa hoja tu.

Leo, Wembley hiyo hiyo, heshima husimamiwa kwa simu. Wananchi hufungua kundi la WhatsApp kwa ajili ya misiba, nauli za maiti, harusi na vyumba vya kupanga, na siku ya kwanza hubandikwa masharti: hakuna matusi, hakuna siasa, hakuna dini. Nani atayapinga? Ubaya hauko katika masharti, uko katika mkono unaoyatumia. Mzee anayemkejeli mwenzake kwa kabila lake huachwa, kwa kuwa ni mzee. Kijana anayeuliza michango ya maiti imefikia kiasi gani, na risiti ziko wapi, huambiwa hana adabu, na kabla hajaandika sentensi ya pili ameshaondolewa. Swali la hesabu limegeuzwa kosa la mdomo.

Tangu 2018 msimamizi anaweza kulifunga kundi zima akabaki kuandika peke yake. Tangu 2022 anaweza pia kufuta maneno ya mwingine yasionekane na yeyote. Masultani walitamani nguvu hiyo wasiipate.

Watetezi husema ndivyo walivyolelewa, mdogo hamjibu mkubwa. Ajabu ni kwamba wasemao hivyo ni warithi wa watu waliolifanya jibu kuwa sanaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana tungo katikati ya uhasama uliofikia vita vya Shela. Wapinzani wa Siti binti Saad walipoikejeli asili yake na sura yake kwa wimbo, alijibu kwa wimbo. Katika malumbano desturi ilikuwa kali: ajibuye atimize mizani na vina. Aliyeshindwa alinyamazishwa na aibu yake mwenyewe, si na mwenye baraza. Adabu ilimfunga mtu namna ya kusema, haikumziba kinywa.

Wala heshima haikubaki mali ya wenye vyeo. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa, wanawake wakiwa mbele, walijitwalia heshima hata kwa mavazi, na mabwana wa jana wakalazimika kuizoea.

Haimaanishi kila ulimi uachwe. Kenya iliona baada ya uchaguzi wa 2007 jinsi maneno yanavyoyatangulia mapanga, na anayewaita wenzake wageni wa kung'olewa aondolewe siku hiyo hiyo. Lakini uzito wa adhabu ujulikane. Pemba, baada ya uchaguzi wa 1995, watu walisusiana hata mazikoni, na majeraha yake yalidumu. Aliyetolewa kundini London hapati tangazo la msiba wala habari ya chumba, amesusiwa. Msimamizi hutoa hukumu hiyo kwa kidole gumba, akiwa ndani ya basi la 18 kuelekea Euston.

Basi anayemwondoa mtu aandike sababu mbele ya wote, ayanukuu maneno yaliyokosa, na ataje siku ya kumrudisha. Aliyeulizwa juu ya fedha asiwe hakimu wa aliyeuliza. Na hesabu za michango zibandikwe kwanza, kabla ya tangazo jingine lolote la adabu.