KONA YA WALIMU: Mguu wa farasi na beseni la maji

Mwezi huu tunawaletea habari ya farasi. Mtasema, farasi anatuhusu nini sisi wa kambini? Subirini kidogo.

Mwaka 1972 kule Uingereza, mfundishaji wa farasi Ginger McCain alinunua farasi wa mashindano, jina lake Red Rum, kwa ajili ya tajiri wake. Kumbe farasi ana ugonjwa wa mfupa ndani ya kwato! Akawa anachechemea. McCain alikaa Southport, mji wa pwani, basi akamwingiza baharini, atembee katika maji baridi. Alipotoka, akatembea vizuri. Toka hapo mazoezi yakawa ufukweni. Mwaka 1973 akashinda mbio za Grand National, karibu kilomita 7 na viunzi 30 vya kuruka. Akashinda tena 1974 na 1977. Mpaka leo hakuna farasi mwingine aliyezishinda mara tatu.

Hatusemi bahari iliponya mfupa. Maji baridi hufanya kazi hivi: mishipa midogo ya damu inajibana, damu haivujii ndani sana, uvimbe unapungua na maumivu yanatulia. Ndiyo maana wafugaji wa farasi, mnyama akiumia kano za mguu, humwagia maji baridi kwa mpira dakika kama 20, wanapumzika, wanarudia, hasa siku mbili za kwanza. Mwenye punda anaweza kufanya vilevile.

Sasa turudi kwetu. Mwezi uliopita mwanafunzi wetu wa darasa la tano aliteguka kifundo akicheza mpira. Nyumbani wakamkanda maji ya moto usiku uleule, wakamchua kwa nguvu. Walifanya kwa mapenzi, na sisi wenyewe tumekandwa hivyo tukiwa wadogo. Lakini asubuhi mguu ulikuwa umevimba kama ndizi ya mkono wa tembo, akakosa shule wiki mbili. Joto na kuchua siku ya kwanza huongeza uvimbe.

Basi mtoto akiteguka, tufanye hivi:

1. Apumzike, asiukanyagie mguu.
2. Atie mguu katika beseni la maji ya mtungi dakika 15 mpaka 20, au tufunge kitambaa kilicholowa. Turudie kila baada ya saa mbili au tatu, siku mbili za kwanza. Barafu si lazima. Mkiipata, izungushieni kitambaa, isiguse ngozi.
3. Akilala, mguu uwe juu ya nguo zilizokunjwa.
4. Asipoweza kupiga hata hatua nne, au mguu umepinda, au vidole vimekufa ganzi, msingoje. Mpelekeni zahanati, huenda mfupa umevunjika.

Mama mmoja alituuliza, "Mwalimu, maji yenyewe ya foleni, nitie mguu?" Swali la haki, mama. Beseni moja linatosha, na maji yaleyale mnaweza kuyatumia tena jioni, kisha mkayamwagia mchicha. Hayapotei.

Red Rum alikufa 1995, akiwa na miaka 30, akazikwa karibu na mstari wa kumalizia mbio. Mtoto wetu naye amerudi uwanjani, ila sasa anajua beseni liko wapi.

Tuonane mwezi ujao.