Damu ya Mtoto ni Amana

Tone la damu litokalo katika kisigino cha mtoto mchanga ni dogo, lakini jambo linalolihusu si dogo. Mapema katika miaka ya 1960, Mmarekani Robert Guthrie alibuni kipimo cha damu iliyokaushwa juu ya karatasi ya kuchujia, ili kugundua maradhi ya kurithi yanayoharibu ubongo. Tangu hapo mamilioni ya watoto wamepimwa, na wengi wameepushwa na ulemavu. Hiyo ni kheri isiyopingika. Swali ni hili: kipimo kikisha, karatasi ile ni ya nani?

Sweden imezihifadhi karatasi hizo tangu 1975, na Denmark tangu 1982. Leo wataalamu huzichunguza kwa elimu ya epijenetiki, yaani elimu ya alama za kikemikali zinazoamuru vinasaba vipi vifanye kazi na vipi vinyamaze, pasipo kubadili vinasaba vyenyewe. Mwaka 2012 watafiti walithibitisha kwamba alama hizo husomeka katika karatasi zilizohifadhiwa. Hata sigara aliyovuta mama mjamzito huacha alama katika damu ya mwanawe. Hivyo basi, mtu akiugua ukubwani, mtafiti aweza kurejea damu yake ya siku za kwanza, akatafuta dalili zilizotangulia maradhi. Faida yake kwa umma ni dhahiri.

Lakini karatasi isomwayo na tabibu husomwa pia na wengine. Mwaka 2003, alipouawa Anna Lindh, Waziri wa Mambo ya Nje wa Sweden, polisi walipewa damu ya utotoni ya mtuhumiwa kutoka katika hifadhi iliyokusudiwa tiba na utafiti. Huko Texas, Marekani, wazazi walikwenda mahakamani mwaka 2009 kwa kuwa damu ya watoto wao iliwekwa bila ya idhini yao. Sampuli zaidi ya milioni tano zikaangamizwa. Mwaka 2010 ikafichuka kwamba sampuli zipatazo 800 zilikuwa zimepewa maabara ya jeshi. Ama kweli, walioona taabu kuuliza walipoteza hazina nzima.

Nasi yatuhusu. Hapa Tanzania damu hukaushwa juu ya karatasi kuwapima watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya UKIMWI. Mama huyo hutoa damu ya mwanawe kwa kuamini tiba. Kuitumia kwa jambo jingine kimyakimya ni khiyana, hata kama jambo lenyewe ni jema.

Hatusemi utafiti uzuiwe. Umma usio na elimu hubaki mtumwa wa wenye elimu. Tunasema mama aulizwe kwa lugha anayoielewa, awe huru kukataa pasipo mwanawe kunyimwa matibabu. Muda wa kuhifadhi utajwe. Na sampuli isivuke mpaka pasipo mkataba unaorejesha faida kwa wananchi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hii si mali tu, ni amana.