Njaa Haina Masikio

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, lawama hazikosi. Mwalimu hulaumiwa kwa uzembe, mzazi kwa kupuuza, mwanafunzi kwa utundu. Kwa maoni yangu, katika shule zetu nyingi za msingi kisa huanza mapema zaidi: yapata saa nne asubuhi, wakati mtoto aliyetoka nyumbani bila hata kikombe cha uji anapoanza kusinzia. Macho yapo ubaoni, lakini akili imeshuka tumboni.

Waliosoma miaka ya 1980 hawajasahau maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulianza mwaka 1979, na pakiti zile za pembe tatu zikawa sababu tosha ya mtoto kutokosa shule. (Wapo, na tuseme kweli, waliofuata maziwa tu; hesabu zikawakuta huko huko.) Miaka ya 1990 mpango huo ulififia. Karo ya shule za msingi ilipoondolewa Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani. Mlango ulifunguliwa, lakini wengi walioingia na njaa walikaa nayo.

Katika maeneo kame kama Turkana, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisaidia kulisha wanafunzi tangu 1980 hadi serikali ilipoubeba mzigo huo mwaka 2018. Mwalimu wa huko hahitaji kuelezwa kwamba sufuria isipotiwa moto, madawati nayo hubaki matupu.

Kuna wasemao kwamba kulisha mtoto ni wajibu wa mzazi. Sikatai. Lakini mama avunjaye kokoto tangu alfajiri, au mfugaji aliyemalizwa na ukame, atatoa wapi? Na hayo mamilioni tunayotumia kwa vitabu na mishahara yanamfaa nini mtoto asiyesikia linalosemwa?

Ningependa wabunge, wanapojadili makadirio ya Wizara ya Elimu, waanze na fungu la chakula, wala wasiligawie makombo ya mafungu mengine. Mahindi na maharagwe yanunuliwe kwa wakulima wa jirani panapowezekana, yawe ghalani kabla ya muhula kufunguliwa. Gunia likifika wiki ya sita, mtoto wa gredi ya kwanza amekwisha kupitwa na nusu ya herufi.