Atakayekulipa Hakuombi Feza

Kuna wizi unaotembea kwa simu. Hauvunji mlango wala hauchomoi kisu. Mtu asiyejulikana anapiga simu, anasema kwa sauti ya upole kwamba yeye ni mtu wa wizara, au wa banki, au wa Umoja wa Mataifa, au kwamba ni avoka. Anasema jina lako limo katika orodha ya watu watakaopewa fidia, maana yake malipo ya hasara waliyopata. Anataja na kiasi: dola 4,800. Feza ipo, karatasi zimekwisha kutiwa sahihi, limebaki jambo moja dogo tu: utume dola 25 za kufungua dosye. Uzitume leo, kwa sababu kesho orodha inafungwa. Wala usimwambie mtu, maana wenye wivu ni wengi.

Anayetuma zile dola 25 hapati fidia. Anapata simu ya pili. Sasa zinatakiwa dola 40 za tembre. Kisha kodi, kisha gharama ya kupitisha feza mpakani. Kila mara ada ni ndogo ukiipima na ahadi, na kila mara mtu anajisemea moyoni: nikiacha sasa, nitapoteza hata zile za kwanza. Hivyo mbuzi anauzwa, feza ya masomo ya watoto inakwenda, deni linaingia nyumbani, mpaka siku ile namba inapoitwa na haijibu tena.

Ndugu wasomaji, tushike neno moja: fidia ni deni. Mtu akikuvunjia chungu chako, yeye ndiye anayepaswa kulipa. Je, mmepata kuona mdaiwa akibisha hodi na kusema: «Nataka kukulipa, lakini kwanza nipe feza»? Hata watoto wangemcheka. Mbona basi tunamsadiki yule yule akisema hayo kwa simu?

Kama kweli kuna ada, jibu ni rahisi. Mwambieni: «Kata ada hiyo humo humo katika feza yangu, unipe itakayobaki.» Hapo atatafuta maneno mengi: sheria inakataza, mashine haikubali, mkubwa amesafiri. Hayo yote ni moshi. Hawezi kukata katika feza isiyokuwapo.

Wengine watatujibu kwamba hata avoka wa kweli huomba malipo kabla ya kazi, na tribinali ina gharama zake. Ni kweli. Lakini avoka huyo ni wewe uliyemwendea. Ana mlango unaojulikana, ana jina, hutoa risiti, na humwahidi mtu kazi yake, si ushindi uliokwisha kupatikana. Yule wa simu amekuja bila kuitwa, hana mlango, na risiti yake ni neno tupu. Wala msishangae kwamba anajua jina lako. Anayetaka kutuma feza kwa simu huonyeshwa jina la mwenye namba kabla ya kutuma. Mwizi anajaribu namba, anasoma jina, anaacha kutuma, kisha anakupigia akikuita kama ndugu.

Sasa tuwageukie wale wanaocheka. Habari ya mtu aliyeibiwa hivi ikifika sokoni au mbele ya kanisa, utasikia: «Wajinga ndio waliwao.» Sisi tunasema methali hiyo, mahali hapa, inamsaidia mwizi. Na tena si kweli.

Tazameni mambo yaliyopita. Katika Ufaransa, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1789, wafungwa waliandika barua kwa matajiri wasiowajua. Kila mmoja alijifanya mtumishi wa mtu mkubwa aliyekimbia nchi, akasema amezika sanduku la zahabu na vito, akaomba feza kidogo tu ili aweze kulipata. Barua hizo ziliitwa «barua za Yerusalemu». Vidocq, aliyekuwa mfungwa kisha akawa mkubwa wa wapelelezi wa Paris, aliandika katika karne ya 19 kwamba kati ya barua mia, ishirini zilipata jibu sikuzote. Waliojibu walikuwa watu wenye mali na wanaojua kusoma.

Tuje karibu zaidi na siku zetu. Katika Uingereza mabanki yalikuwa yamewauzia watu bima ya mikopo isivyo haki, nayo yakalazimishwa kuwarudishia. Yalilipa zaidi ya pauni bilioni 38, na mwisho wa kuomba ulikuwa tarehe 29 Agosti 2019. Kuomba kulikuwa bure. Lakini waongo walipiga simu nyumba kwa nyumba wakijiita watu wa Wizara ya Haki, wakadai ada ya kwanza, wakawatuma watu dukani kununua vocha na kuwasomea namba zake kwa simu. Nchi ya shule nyingi, nchi ya mabanki na polisi, na watu wakaliwa vilevile. Basi tusiseme ni ujinga. Watu hawa walikuwa na haki ya kweli ya kulipwa. Ndiyo njia ya mwizi huyu: haki ikiwa ya kweli, uwongo wake hupata nguo ya kuvaa.

Na kwetu Kongo haki ya kweli ipo, na jeraha lipo. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana kwa silaha nzito katikati ya Kisangani, juu ya vichwa vya raia. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki iliyoko La Haye iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa hasara za vita vya tangu 1998 mpaka 2003: milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa ajili ya mali, na 60 kwa ajili ya utajiri wa nchi. Iliagizwa zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65, moja kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Serikali imeweka mfuko uitwao FRIVAO, wenye makao Kisangani, wa kuwagawia walioumizwa.

Fikirini basi mjane aliyefiwa na mume katika siku zile sita. Amengoja zaidi ya miaka ishirini. Redio imetaja mamilioni. Simu inalia, sauti inasema: «Mama, jina lako limetokea.» Nani atathubutu kumwita mjinga kwa kuwa moyo wake uliruka? Hakutamani mali ya mtu. Alitamani kilicho chake.

Na kuna jambo lingine, nalo ni chungu zaidi. Kwa nini mtu wetu haoni ajabu akiombwa kulipa kabla ya kulipwa? Kwa sababu tumemfundisha hivyo. Akitaka karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, anaombwa matabishi. Akitaka dosye yake itoke chini ya zingine, matabishi. Akitaka mshahara wake mwenyewe, matabishi. Akiwa amelelewa miaka yote katika shule hiyo, anaposikia kwa simu «toa kidogo upate kikubwa», anaona ni desturi ya nchi. Tunawaambia waziwazi wale wanaokaa nyuma ya meza na kunyosha mkono: ninyi ndio mnaomtayarishia mwizi wa simu mawindo yake. Mmelima shamba, yeye anavuna.

Tunawaambia pia wanaogawa fidia: semeni kwa sauti. Someni orodha mbele ya watu, bandikeni karatasi ukutani, tajeni saa na mahali, elezeni katika lugha zetu kwamba kuandikishwa ni bure. Pale ambapo wenye habari wananyamaza, mwongo anakuwa mjumbe peke yake.

Lakini tusingoje wakubwa. Mtu akipigiwa simu ya namna hii, asijibu neno siku ile. Akate simu, aende kwa mguu wake au amtume mtu katika ofisi inayotajwa, asitumie namba aliyopewa na mpigaji. Kode yake ya siri asimpe mtu yeyote, hata anayejiita wa kompani ya simu. Na amweleze mwenzake: mtoto wake, jirani, katekista, mtu wa jumuiya yake. Mwizi huyu huishi kwa mambo mawili, haraka na siri. Ukikawia usiku mmoja na kuwaambia watu wawili, umemnyang'anya silaha zake zote.

Na aliyekwisha kuibiwa ajihadhari mara ya pili. Baada ya miezi kadhaa atapigiwa na mtu anayejiita polisi au avoka: «Tumemkamata mwizi wako, feza yako ipo, lipa gharama kidogo uichukue.» Ni kundi lile lile, au wamemwuza kwa kundi lingine. Jina la aliyelipa mara moja ni mali kwao.

Mtu huyo aliyeibiwa, akija kwetu na uso umeinama, tumpokee namna gani? Tukimcheka, atanyamaza, na wa pili atanyamaza, na wa tatu, na mwizi atazunguka parokia nzima akilindwa na aibu yao. Tukimketisha na kumwuliza: «Alisema nini? Namba gani? Aliomba kiasi gani?» basi watu wote watajua Jumapili hiyo hiyo, naye mwizi atapiga simu mia bila kumpata mmoja. Kila mmoja achague: kumcheka jirani, au kumfungia mwizi mlango.