Kipande cha mbao kina bei, lakini kikauke kwanza

Katika karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, kama ilivyo katika kila mji wenye mafundi seremala, kazi ya mwisho ya siku ni kufagia. Kinachofagiwa ni maranda na vipande vya mninga, mkongo, mtiki na mwembe visivyozidi urefu wa kiganja. Maranda huchukuliwa na wafugaji wa kuku. Vipande huishia katika jiko la mama lishe. Mbao iliyobishaniwa bei kwa nusu saa asubuhi, jioni imekuwa kuni kwa sababu tu ni fupi.

Ipo kazi moja ambayo ufupi huo hauidhuru kitu, nayo ni kukereza vyombo vya maua vya vipande. Fundi hukata vipande vidogo vyenye pembe, huviunganisha kwa gundi mpaka vifanye pete, kisha hupanga pete moja juu ya nyingine kama fundi mwashi apangavyo matofali, maungio ya juu yasiangukie maungio ya chini. Mnara ukishakauka gundi hufungwa kwenye mashine ya kukereza, ukazunguka, na patasi ikaufanya chombo chenye tumbo na shingo. Weusi wa mpingo, hudhurungi ya mninga na weupe wa mwembe hukaa pamoja bila rangi ya dukani. Kukereza kwenyewe si ugeni kwetu. Miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Zanzibar ilikerezwa na mafundi wa mwambao.

Hesabu yake inampendeza mfanyabiashara. Chukua chombo chenye kimo cha sentimita 30 na upana wa sentimita 20 mahali pake pa tumbo. Pete zenye unene wa sentimita 2 zitakuwa 15, na kila pete ikiwa na vipande 12, jumla ni vipande 180. Vyote hivyo havitoki kwenye ubao mmoja mrefu. Ukiviunga mwisho kwa mwisho havifiki mita 10 za mbao yenye upana wa sentimita 4. Kukereza chombo hicho hicho kutoka kwenye gogo zima kungetaka mbao mara moja na nusu, na gogo lenyewe lingepasuka kabla halijakauka katikati.

Ugumu uko kwenye pembe. Pete ya vipande 12 inataka kila kipande kikatwe nyuzi 15 pande zote mbili, yaani mikato 24. Fundi akikosea nusu ya nyuzi tu katika kila mkato, kosa linajumlika kuwa nyuzi 12, na pete inabaki na pengo linalokaribia nusu ya kipande. Gundi haizibi pengo hilo, na atakayejaza kwa unga wa mbao atamdanganya mteja wa kwanza tu. Lakini kasoro hii huonekana mapema, na hurekebishwa kwa kigezo kizuri cha kukatia na subira ya siku chache. Kubana pete hakuhitaji jiriwa za gharama. Mkanda wa tyubu ya baiskeli ukivutwa vizuri unatosha.

Kasoro inayoua biashara haionekani karakani. Ni unyevu. Mbao hunywa na kutoa maji kulingana na hewa iliyopo, na inapopoteza maji husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Kipande kilichokatwa kwa pembe sahihi kikiwa kibichi, kikisinyaa pembe yake hubadilika, na maungio hufunguka. Kipande kibichi kikiwekwa jirani na kikavu, baada ya miezi michache kidole kitahisi ngazi kati yao. Kitako kilichokatwa kwenye ubao mmoja kikigandishwa chini ya pete, nacho husinyaa kwa upana wakati pete haisogei, kikapasuka. Ndiyo maana wazoefu hufanya kitako kuwa kidogo.

Tena, ukavu wa pwani yetu si ukavu wa kila mahali. Mbao iliyokaa kivulini Dar es Salaam hubaki na unyevu wa asilimia 12 hadi 15 hivi. Nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi huiteremsha mpaka asilimia 6 hadi 8. Chombo kilichoonekana kizima Bagamoyo kinaweza kulia sebuleni Berlin mwezi Januari, na mnunuzi hatarudi kudai fedha yake. Ataacha tu kuagiza.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuingia katika kazi hii kinahitaji muda kuliko mashine. Habari njema ni kwamba kipande kifupi hukauka haraka kuliko ubao mrefu, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi kupitia ncha zilizokatwa. Wakulima wanaokausha maembe na mboga kwenye makaushio ya jua tayari wanacho chombo kinachofaa, na msimu wa maembe ukiisha kaushio hukaa bure. Kupima nako hakuna siri. Mizani ya dukani inatosha: chagua vipande vichache, viandike namba, vipime kila wiki. Vikipungua uzito bado vina maji. Uzito ukisimama wiki kadhaa mfululizo, hapo ndipo fundi aguse msumeno.

Hapa ndipo wakopeshaji wanapokosea. Maombi mengi ya vikundi vya mafundi huandikwa kama orodha ya mashine, na mkopeshaji hufurahi kwa sababu mashine inaonekana na inaweza kukamatwa. Mbao iliyopangwa kivulini kwa miezi sita haionekani kama mtaji. Inaonekana kama uzembe. Marejesho yakianza mwezi wa pili, fundi hana njia ila kukereza mbao mbichi, kuuza upesi, na kuharibu jina lake. Mkulima anaijua hadithi hii kwa jina lingine. Ni yule anayeuza mahindi shambani wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu ada ya shule haisubiri.

Kwa mazao ya ghala Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, na korosho za kusini zikaanza kuuzwa kwa mfumo huo msimu wa 2007/2008. Mfumo umekuwa na lawama zake, nyingi za haki, hasa malipo yanapochelewa. Lakini wazo lake la msingi ni sahihi: mali iliyohifadhiwa vizuri ni dhamana. Mbao inayokauka ina sifa moja ambayo mahindi hayana. Ikiwekwa mbali na mvua na wadudu, thamani yake hupanda kadiri inavyokaa.

Halmashauri zina nafasi ya kuanza. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mkopo usio na riba ndio unaofaa kwa mali inayotaka kusubiri, ili mradi ratiba ya marejesho ifuate mbao na si kalenda ya ofisi.

Mkulima naye asiachwe nje. Mwembe mzee uliokoma kuzaa na mgrevilea wa kivuli cha kahawa kwa kawaida huuzwa ukiwa umesimama, kwa bei ya mchoma mkaa. Mwenye mti akiupasua mara tu baada ya kuuangusha, maana mwembe huliwa na ukungu na wadudu haraka, akaukausha na kuuza vipande vilivyopimwa, anauza kazi na si kuni. Mpingo una masharti yake. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ingawa tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zimesamehewa mradi mbao hiyo isizidi kilo 10 kwa mzigo. Chombo chenye pete mbili tatu za mpingo kinapita humo bila shida. Lakini mbao ya asili isiyo na risiti wala hati ya kusafirishia isinunuliwe, hata kipande kiwe kidogo namna gani.

Kikundi kitakachopeleka maombi kwa ofisa maendeleo ya jamii, basi, kiandike kaushio na mizani juu ya orodha, mashine ya kukereza chini yake, na kiombe marejesho yaanze baada ya mauzo ya kwanza ya mbao iliyosimama uzito. Ofisa akiuliza mbona miezi yote hiyo, aonyeshwe daftari la vipimo vya kila wiki.