Saa Moja na Nusu ya Nani?

Makamanda, kila msimu wa mikutano ukifika, hapa Kiwira tunaimbiwa wimbo uleule: Mbeya na Dar sasa ni majirani, unapanda ndege Songwe, ndani ya saa moja na nusu umeshatua. Kwa anga ni kama kilomita 700, kwa hiyo hesabu ya rubani sibishani nayo. Ninachouliza ni hiyo saa wameanza kuihesabu wapi.

Wameianzia uwanjani. Sisi tuianzie sokoni Kiwira.

Kutoka hapa hadi Songwe ni kilomita 70 na ushee. Ndege ikiondoka saa tatu asubuhi, unatakiwa uwe umefika kabla ya saa mbili. Kwa asiye na gari, maana yake ni costa ya alfajiri hadi Uyole, ushuke, ugombanie daladala ya Mbalizi, upite Mwanjelwa na Mafiati kwenye foleni ya malori ya Zambia na Kongo, halafu bodaboda ikumalizie. Lori moja likifeli breki mteremko wa Iwambi, ndege umeiaga. Yaani kuifikia ndege kunachukua muda mrefu kuliko kuruka nayo! Uwanja ulifunguliwa Desemba 2012. Barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 tu, ikasubiri miaka kama kumi kupata mkandarasi. Na kwa miaka mingi ukungu ukishuka ndege ilikuwa inageuza, maana hata taa za kutulia hazikuwepo.

Sasa tuje kwenye hela. CAG, ambaye kazi yake imeandikwa kwenye Ibara ya 143 ya Katiba, alisema ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23. Mwaka uliofuata ikawa bilioni 91.8. Anayeziba hilo pengo ni mama anayeuza ndizi pale barabarani, anayekatwa kodi kwenye sukari, sabuni na muamala wa simu. Yeye akienda Dar kumuuguza mtu Muhimbili anakaa kwenye basi zaidi ya saa kumi na mbili, Kitonga yote, Mikumi yote, kwa sababu tiketi ya ndege ni mtaji wake mzima. Ibara ya 8 inasema lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi. Haikuandikwa ustawi wa wenye tiketi.

Watasema tunapinga maendeleo. Hapana, ndege zije. Ila msitudanganye. Tuliambiwa Songwe itapakia mazao yetu, na parachichi za Rungwe zinaliwa Ulaya kweli, lakini zinaondoka hapa kwa malori kwenda bandarini. Parachichi ni mzigo mzito, bei yake haibebi nauli ya ndege. Aliyeahidi alilijua hilo, au hakujisumbua kuuliza mkulima yeyote wa hapa.

Mbunge wetu tunamdai mambo mawili. Basi la umma kutoka Uyole hadi Songwe, linalofuata ratiba ya ndege, kwa nauli ya daladala. Na Bungeni aidai Wizara iweke mezani hasara ya ATCL njia kwa njia, Dar–Songwe ikiwemo, tujue tunalipia nini. Akija mkutanoni kutuimbia tena saa moja na nusu, vijana muulizeni kwanza amefika Kiwira kwa usafiri gani na nani amelipia mafuta.